Bi Mkubwa na Plagi ya Nne

Jumamosi, 2 Machi

Mvua imeanza, na silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imerudi kutoka kwa mchonga vyuma. Yote mawili kwa siku moja. Sijui nishukuru lipi kwanza.

Daftari hili nimepewa na mume wangu. Amelishonea jalada kwa vipande vya jinzi za wateja, akaniambia, "Andika humo, mama. Kila tukikaa kula unanieleza habari za pistoni mpaka chakula kinapoa." Yeye ni fundi cherehani aliyezaliwa na fundi magari. Baba yake alimpa spana akiwa mdogo, akaitupa, akaokota sindano. Baada yake akazaliwa wifi yangu, naye akapenda kuendesha tu. Kufungua boneti anaona ni kuchafua kucha. Basi ufundi ukavuka damu ukaniangukia mimi, mke wa mtoto. Nilipoolewa nilikuwa sijui plagi ni nini. Siku moja Baba mkwe alinikuta nimesimama mlangoni pa gereji natazama, akasema, "Ukisimama hapo unazuia mwanga. Ingia au ondoka." Niliingia, na mpaka leo sijatoka.

Gari lenyewe ni jekundu na lina umri mkubwa kuliko ndoa yangu. Mama mkwe, Mungu amrehemu, ndiye aliyelipa jina la Bi Mkubwa. Alikuwa akiwaambia wageni, "Mimi humu ni mke wa pili. Mke wa kwanza yuko gerejini, na huyo ndiye anayeogeshwa kila wiki."

Hedi tumeichonga ili hewa na petroli vibanwe zaidi kabla cheche haijapiga. Kubana zaidi ni nguvu zaidi, na nguvu zaidi ni joto zaidi. Mashindano ya kupanda mlima ni tarehe mosi Juni. Wifi ataendesha.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimefunga hedi. Wifi kapita kuuliza kama gari limepona, kanywa chai yangu yote, kaondoka. Wifi ni wifi.

Jumamosi, 9 Machi

Bi Mkubwa ameunguruma leo hadi vikombe vimecheza kabatini.

Baba ana bisibisi ndefu ya mpini wa mbao ambayo haifungui skrubu yoyote. Ncha huiweka kwenye injini, mpini huubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kisha hufumba macho. Ndivyo alivyosikiliza injini maisha yake yote. Mpini umelika upande mmoja kwa kusuguana na kichwa chake. Hakuna anayeruhusiwa kuigusa bisibisi hiyo, hata wakati wa kufagia.

Wifi akakanyaga mafuta. Baba akafumbua macho. "Anaimba!"

Mimi sikusikia wimbo. Nilisikia kokoto kwenye kopo, kwa mbali, kila wifi alipokanyaga ghafla. Nikamwambia, "Baba, naona kama anagonga. Tujaribu plagi za baridi zaidi, namba saba."

"Huyu amelelewa na sita."

"Alikuwa hajachongwa hedi, Baba."

"Kokoto ziko kichwani mwako," akasema, akafunga boneti.

Mume wangu akisoma hapa atauliza plagi ya baridi ni ipi, kwani inakaa kwenye friji? Haya, mume wangu. Ncha ya plagi, ile inayotoa cheche, ina pua ya kauri nyeupe, nayo hukaa ndani ya moto. Pua ikiwa ndefu, joto huchelewa kutoka: hiyo ni plagi ya moto. Pua ikiwa fupi, joto hutoka upesi: hiyo ni ya baridi. Ukiweka ya moto kupita kiasi, pua inageuka kaa, inawasha petroli kabla ya wakati, na pistoni inayeyuka. Ukiweka ya baridi kupita kiasi, haichomi masizi yake, inaziba, gari linakohoa. Kwa plagi tunazotumia sisi, namba ikipanda ubaridi unapanda. Kazi yote ni kujua injini yako inataka ipi.

Jikoni nilinung'unika kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Mume wangu aliacha kutafuna, akanitazama, akaendelea kutafuna.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Baba kanuna, nami nimenuna. Wifi kacheka.

Jumamosi, 16 Machi

Leo nataka kuandika polepole.

Tulikwenda kwenye kiwanja cha zamani cha ndege, ambako lami bado inashika. Ukitaka kujua plagi inavyofanya kazi, humwachi dereva arudi taratibu. Anakanyaga mpaka mwisho wa barabara, kisha kwa wakati mmoja anazima swichi na kukanyaga klachi, gari linateleza lenyewe hadi linasimama. Hapo plagi inabaki na rangi ya kazi, haipati nafasi ya kujipaka rangi ya kupumzika. Wifi alifanya hivyo vizuri, lazima niseme.

Nikafungua plagi nikazipanga juu ya kitambaa. Ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kama inavyotakiwa. Ya nne ilikuwa nyeupe kama mfupa, na juu ya kauri yake kulikuwa na chembe ndogo zinazong'aa.

Silinda ya nne ndiyo ya mwisho. Maji ya kupoza injini yanaingia kwa mbele, na yakifika kwake yameshachoka kwa joto la wenzake. Hata hivyo, chembe zile hazikuwa habari ya maji. Nilimpa Baba plagi na lenzi yake. Aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Mvua ilianza kudondoka na hakuna aliyekimbia.

"Hizi ni pistoni," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Anagonga mpaka pistoni inamwaga vumbi."

"Ndiyo, Baba."

"Na wewe ulisikia. Tangu siku ile."

"Nilisikia."

Akakaa juu ya tairi la akiba. "Mimi sikusikia."

Wifi alikuwa amesimama na helmeti mkononi. Nilimwona anageuza uso, akajifanya anatazama mawingu.

"Sikio la kulia lilikufa mwaka jana," Baba akasema. "Nikajiambia, si kitu, Mungu alitoa mawili. Sasa daktari anasema na hili la kushoto linakwenda. Taratibu, lakini linakwenda." Alikuwa anaongea na plagi, siyo na sisi. "Kombe silitaki, ninayo. Nilitaka nimsikie Bi Mkubwa anapanda mlima wote, kuanzia chini hadi juu, akiwa safi, bila kukohoa, bila kugonga. Mara moja tu. Nikishamsikia, basi, hata wakizima redio ya dunia nzima."

Kisha alinipa ile lenzi. Hakunipa nitazame. Alinifungia vidole juu yake na kusema, "Kuanzia leo namba unachagua wewe." Alikuwa na haki ya kununa mwezi mzima, maana nilimpinga mbele ya binti yake. Badala yake alinishukuru. Nimeirudisha ile methali yangu ya jikoni nilikoitoa, na naomba isinijie tena mdomoni kwa habari ya mzee huyu.

Jumapili, 17 Machi

Mume wangu alijua habari ya masikio. "Nilikuwa naona anageuza shingo kama kuku," akasema. Nikamuuliza mbona hakuniambia. "Ni siri yake, mama, siyo yangu." Nilitaka kukasirika nikashindwa.

Jumanne, 2 Aprili

Nimeweka saba zote nne. Mvua haijakatika.

Jumamosi, 6 Aprili

Mazoezi mlimani. Wenye mashindano wamefunga barabara asubuhi kwa ajili ya madereva.

Mlima huu una tabia mbili. Chini ni kona tupu, moja inakabidhi nyingine, na ukungu umekaa humo kama mwenye nyumba. Huko gari linatambaa. Ukitoka kwenye ukungu unakuta mnyooko mrefu mpaka kileleni, na huko dereva hainui mguu. Chini plagi inaomba joto, juu inaomba ubaridi. Nimesema leo kwa sauti kwamba aliyeichora barabara hii hakupendwa na mama yake.

Akiwa na plagi za saba, Bi Mkubwa alikohoa kona zote za chini. Nilimsikia kutoka tulipokuwa, ko, ko, ko, kisha akasafika, kisha ko tena. Baba aliuliza, "Vipi?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa.

Juu alikwenda vizuri. Tatu za mbele, chai ya maziwa. Ya nne haina chembe tena, alhamdulillahi, lakini imepauka bado. Huyu wa nne anataka nane, wenzake saba, na wote wanne wanataka muujiza wa kuvuka ukungu.

Wifi aliteremka amefura. "Wifi, hizi plagi zako za baridi zinaniaibisha. Watu wananipita nikiwa nakohoa kama mgonjwa!"

"Ukitambaa na mguu umeegemea mafuta, lazima ale masizi. Kanyaga au achia."

"Njoo uendeshe wewe, basi!"

"Njoo ufungue injini wewe!"

Baba hakusikia au alijifanya hasikii. Hiyo ni faida moja ambayo ameanza kuitumia.

Jumanne, 9 Aprili

Wifi haongei nami. Amani tele.

Ijumaa, 19 Aprili

Homa. Naandika nimelala. Mume wangu ameniwekea maji na kengele ya mezani niliyoikataa, lakini naipiga.

Jumapili, 21 Aprili

Homa imeshuka, na nimejua yaliyotokea jana.

Wifi, kwa kuwa mimi ni mgonjwa, aliamua anisaidie. Alikwenda mjini kutafuta nane kwa ajili ya silinda ya nne. Muuza spea hakuwa na nane za kwetu, akampa nane ya kampuni nyingine, nyuzi za skrubu zile zile, urefu ule ule. Wifi akaifunga mwenyewe, na kucha zake, akaenda mlimani na Baba.

Kumbe kampuni ile inahesabu kinyume. Kwao namba ikipanda, joto linapanda. Nane yao ni moto mtupu. Aliyetaka baridi akatia kaa ndani ya silinda ambayo tayari ina joto kuliko zote.

Nilipoambiwa nilitupa blanketi. Niliamini kwamba pistoni imetoboka. Kipande kingine cha injini ile hakipatikani tena popote. Kikiharibika, Bi Mkubwa anakuwa pambo la uani, na sikio la Baba haliwezi kungoja msimu mwingine. Nilikwenda gerejini na kanga mabegani, mume wangu nyuma yangu na kandambili zangu mkononi.

Wifi alikuwa amekaa chini kwenye saruji, mgongo ukutani. Baba alikuwa ameshaitoa plagi. Kauri ilikuwa imepasuka malengelenge. Nilimulika tochi kwenye tundu, nikatazama pistoni, nikatazama tena. Nzima.

"Imeponaje?" nikauliza.

Wifi akajibu bila kuinua uso. "Nilipoingia mnyooko nilihisi ananivuta. Anavuta kabla sijamwambia. Nikaona huyu siye Bi Mkubwa, kuna mtu mwingine humu. Nikaachia. Nikazima swichi akakataa kuzima, wifi. Ufunguo ninao mkononi na yeye bado anaunguruma! Nikamtia gia ya juu nikakanyaga breki mpaka akafa."

 Dereva mwingine angefurahia ule mvuto na kukanyaga zaidi, na ndani ya pumzi chache tungekuwa tunaokota vipande. Miaka yote nimemwona wifi ni mguu tu. Kumbe mguu ule unasikia. Amelirithi sikio la baba yake, ila limekaa mahali pengine.

"Namba kubwa, baridi zaidi," akasema. "Si ndivyo mlivyonifundisha?"

"Ndivyo tulivyokufundisha," nikasema, "na hatukukwambia kwamba wengine wanahesabu kwa kurudi nyuma." Nikakaa chini pale pale karibu naye. Alinukia petroli, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Asante kwa kuachia, wifi."

Akaangua kilio. Baba akatuuliza tunasema nini, na mume wangu akamwambia kwa sauti kubwa, "Wamepatana!" Baba akasema, "Basi na mimi nimekaribia kufa."

Jumatatu, 22 Aprili

Nane ya kwetu imepatikana. Wifi kaileta, kanionyesha pua ya kauri kwanza, fupi. "Nimeangalia pua, siyo namba." Amefuzu.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua. Mazoezi yameahirishwa, njia imeporomoka upande.

Jumamosi, 4 Mei

Plagi za mnyooko tunazijua sasa: saba, saba, saba, nane. Tatizo ni masizi ya chini. Nimebadili kabureta, nimepunguza petroli, nimeongeza, nimerudisha. Mabaya zaidi yanatokea kabla hata ya kuondoka: magari yanapanga foleni kwenye mstari, injini zinanguruma bila kazi, na plagi za baridi zinaanza kuziba hapo hapo.

Leo Baba alikuwa ananitazama nikisugua masizi kwa brashi. Ghafla akasema, "Zamani tulikuwa tunamwamsha kwa plagi za moto, tunampandisha kwa za baridi."

"Zamani ipi?"

"Kabla hujazaliwa. Unampasha moto na sita. Maji yakipanda, mafuta ya injini yakilainika, unamzima palepale kwenye mstari, unatoa sita, unatia za baridi, unawasha, anaondoka. Anaingia kwenye ukungu akiwa na plagi safi kabisa. Masizi yakianza kufikiri, yeye ameshafika juu." Alikuna kichwa. "Nimesahau vipi jambo hili?"

Nilimwambia kwamba hakulisahau, lilikuwa linasubiri aulizwe vizuri. Nilimkumbatia, nikampaka masizi shati zima. Mume wangu ndiye atakayelifua.

Jumapili, 5 Mei

Taabu yenyewe ni vidole. Hedi ikiwa ya moto, nyuzi zake zinakuwa laini. Ukiingiza plagi kwa pupa inaingia kombo, na hedi imekwenda. Lazima ianze kwa vidole vitupu, polepole, ndipo spana. Vidole vya Baba vinatetemeka. Vyangu vina haraka, najijua. Wifi atakuwa amefungwa mkanda ndani ya gari.

Tukageuka sote tukamtazama fundi cherehani.

"Hapana," akasema.

Alhamisi, 9 Mei

Anafanya mazoezi. Anafumba macho na kuingiza plagi kwenye hedi ya zamani iliyoko mezani, karibu na cherehani. "Ikikataa, usiisukume. Rudi nyuma, anza upya," ananifundisha mimi. Mimi!

Jumamosi, 18 Mei

Amejishonea aproni ya turubai yenye mifuko minne kifuani ya plagi za baridi, na mingine chini ya kupokea za moto. Mfuko wa nne ameutia uzi mwekundu ili nane isipotee njia. Glovu amezikata ncha na kuzitia sufi. Anaonekana kama mpishi aliyepotea akaingia vitani. Nampenda mtu huyu.

Jumamosi, 25 Mei

Mazoezi ya mwisho. Hakukohoa hata mara moja. Baba alikuwa nyumbani na mafua, na nilisikitika kwamba wimbo ule umepotea bure. Tumeleta plagi zote nne nyumbani azione. Amezilaza juu ya shuka.

Jumatano, 29 Mei

Leo Baba hakusikia mlango. Nilibisha, nikabisha, nikaingia. Alikuwa amekaa macho kabisa, anatazama dirishani.

Jumamosi, 1 Juni

Nimeoga, nimekula, sasa niandike.

Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Tulimpasha Bi Mkubwa moto na sita. Mbele yetu gari moja lilikuwa linajiandaa, na msimamizi wa mstari akatuinulia kidole: jiandaeni. Wifi akazima. Mume wangu akainama juu ya injini na aproni yake. Watu walicheka, kisha walipoona vidole vile wakasogea kutazama. Nne zikatoka, nne zikaingia. Wifi akawasha, Bi Mkubwa akaitika safi. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Halafu gari la mbele likaenda kulala mtaroni kwenye kona ya pili. Dereva mzima, gari limeziba njia. Msimamizi akatupungia mikono: subirini.

Subirini mpaka lini? Hakujua. Na Bi Mkubwa pale ananguruma na plagi za baridi, anakula masizi. Nikimwacha, anaziba. Nikimzima, anapoa, na akiwaka amepoa anaziba vile vile. Nilipomgeukia Baba niliona midomo yake inauliza nini kimetokea. Nilimweleza kwa mikono. Alimtazama Bi Mkubwa, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya mtu asiyeisikia sauti yake, kubwa mno, kila mtu akageuka, "Usinitazame mimi! Sikio ni wewe!"

Nikasema, "Zima. Rudisha sita."

Mume wangu alikuwa ameshainama. Alitoa za baridi, akarudisha za moto, wifi akawasha, tukamweka Bi Mkubwa kwenye joto lake. Zile za baridi nilizisafisha moja moja kwa brashi nimepiga magoti kwenye matope. Kule kwenye kona winchi ililivuta lile gari, ikaacha, ikavuta. Mwishowe kidole kikainuliwa tena. Zima. Injini sasa ilikuwa ya moto kuliko mwanzo. Kwenye ya nne nilisikia mume wangu anavuta pumzi kwa meno. Plagi ilikataa kuingia. Msimamizi alikuwa anapunga bendera. Nikataka kupiga kelele, sukuma! Yeye akarudi nyuma, akaanza upya, taratibu, na ikaingia. Aliponyoosha mgongo ncha ya kidole chake ilikuwa nyeupe kwa kuungua.

Wifi akaondoka.

Ukungu ukammeza mara moja, tukabaki na sauti tu. Kona ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Nilikuwa nimefumba macho, nasikiliza kikohozi, na hakikuja. Nilipofumbua, niliona kwamba Baba hatazami mlima. Ananitazama mimi usoni, kwa karibu, kama anavyotazama plagi. Nilielewa. Basi nikaacha uso wangu useme kila kitu. Kila kona aliyomaliza niliitikia kwa kichwa kidogo. Alipotoka kwenye ukungu na kukanyaga kwenye mnyooko, sauti ile ilifunguka moja kwa moja, haina kokoto, haina doa, ikapanda na kupanda, nami nikaanza kulia nikicheka. Baba naye akaanza kucheka. Alinishika mkono mpaka sauti ikakatika kule juu, wifi alipozima swichi kama tulivyomwagiza.

Tulipanda na pikapu ya waandaaji. Kileleni kulikuwa na jua. Nilitoa ya nne, nikampa Baba pamoja na lenzi.

"Umemsikia?" wifi akamuuliza, akipaza sauti. Helmeti ilikuwa bado kichwani.

"Chini, hapana," Baba akasema. "Mwishoni huku nilisikia kitu. Huenda ni yeye, huenda ni moyo wangu. Lakini mke wa kaka yako nimemwona usoni." Akaigeuza plagi kwenye jua. Chai ya maziwa, sawasawa na wenzake. Akaanza kuisoma kwa sauti: "Hapa kona ya tatu umeingia kwa woga."

"Baba, plagi haisemi hayo!"

"Inasema. Hapa ukajuta. Hapa ukatoka ukunguni, ukamkumbuka mama yako, ukakanyaga."

Wifi alivua helmeti. Alikuwa analia. "Hapo ndivyo," akasema.

Tumekuwa wa pili. Mume wangu amefungwa bendeji na anaonyesha wateja.

Jumatatu, 3 Juni

Mvua imekatika. Gereji imejaa mwanga.

Nilimkuta Baba amesimama karibu na Bi Mkubwa na ile bisibisi mkononi. Nikasimama mlangoni. "Unazuia mwanga," akasema, akaninyooshea mpini. Sikuigusa kwanza, mikono haikuamini. Akanitikisia mpini. Nikaishika. Pale ulipolika kwa kichwa chake, mpini ulikuwa laini kama sabuni.

"Masikioni mwangu mimi haina kazi tena," akasema. "Msikilize wewe, mwanangu, uniambie. Kila asubuhi uniambie."

Nikawasha injini. Nikaweka ncha juu ya silinda ya nne na mpini nyuma ya sikio, nikafumba macho, nikakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilikuwa sitaki kuyafumbua yakiwa na machozi.

"Anasemaje?" Baba akauliza.

Sikupaza sauti. Nilimgeukia ili aone midomo yangu vizuri.

"Wa nne ametulia, Baba."